Shangazi, niache kazi Dar nirudi Muheza?

Mwezi huu barua nyingi zina jambo moja, watu wamechoka mjini wanataka kuhamia shamba. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu najua wako wengi wa aina yake.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni baba wa watoto watatu, nina miaka 41, naishi Mbagala, nafanya kazi ya stoo kwenye ghala moja hapa Dar. Mshahara ni 650,000, kodi 120,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, bado nauli, umeme, ada ya mdogo wa chekechea, yaani tarehe 12 tu nshaanza kukopa. Mama yangu yuko kijijini Muheza, ana miaka 70 na kitu, anaishi na mjukuu. Jirani yake anauza shamba ekari nne, lina michungwa kama 150 na minazi kidogo, anataka milioni 9. Mimi nina akiba milioni 7 na mbili nakopa kazini kabla sijaacha. Nimepiga hesabu, mti mmoja ukitoa machungwa 600 na wakininunulia shilingi 40 tu shambani napata zaidi ya milioni 3 kwa msimu. Mke wangu anauza vitafunwa asubuhi na anasema yeye hatoki mjini. Mtoto mkubwa yuko la sita. Jirani amenipa wiki tatu, baada ya hapo anamuuzia mtu mwingine. Nifanyeje?
Baba wa watatu, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa namtafuta mkeo maana umempa sentensi moja tu na nusu ya jibu lako analo yeye, ntamrudia.

Kwanza ujue sikukatazi. Mimi nilitoka Ngamiani, Tanga mjini, barabara ya 12, nikaja upande huu wa Muheza mwaka 2013 na sijatamani kurudi. Chai yangu ya asubuhi ina mchaichai niliochuma mwenyewe, kisamvu kiko nyuma ya jiko, nazi sinunui, wajukuu wanacheza nje mpaka magharibi na siwazi gari wala mtu mbaya. Na wewe una mama mwenye miaka 70 na kitu, huyo hatakusubiri. Kwa hiyo ukiniuliza kama kurudi ni jambo jema, ntakwambia ndiyo hata kabla hujamaliza kuuliza. Ila huku kwetu tunasema Tanga waja leo waondoka leo, na mimi nataka ukija usiwe wa kuondoka leo, maana nimewaona wanaokuja Februari na bati mpya, Novemba wanaziuza bati zile zile wapate nauli, na mtu akirudi hivyo Dar anaanza chini ya pale alipokuwa.

Twende kwenye hesabu. Kuzidisha umezidisha sawa, inakuja milioni 3 na laki 6. Sasa igawe kwa miezi 12. Ni laki 3 kwa mwezi, na hapo hujalipa palizi, hujapogoa, hujanunua dawa, hujampa kitu wa kulinda usiku machungwa yakishaiva. Utasema sitalipa kodi, kweli hutalipa, lakini kodi ile haifi mwanangu inabadilisha jina tu, utaikuta kwenye bodaboda ya kwenda na kurudi, kwenye michango ya misiba ambayo kijijini huikwepi na wala usijaribu kuikwepa, kwenye sabuni na mafuta ya kula ambayo dukani kwetu ni ghali kuliko Mbagala kwa sababu muuzaji naye kayabeba kutoka mjini. Na kadi ya bima uliyopewa na mwajiri inakufa ukiacha kazi. Hela ya mfuko wa jamii nayo haitoki siku unayoandika barua ya kuacha, wengi wanakuja wakiitegemea hiyo na inawakuta njaa.

Halafu hiyo shilingi 40 nani amekuahidi? Machungwa ya huku yanaiva kwa pamoja, ikishafika kama mwezi wa sita kwenda wa nane wa tisa la kwako limeiva, la jirani limeiva, la kule ng'ambo limeiva, na mwenye Fuso anajua huna pa kuyaweka. Bei anaitaja yeye. Kuna mwaka mzuri, sikatai, wanunuzi wa Kenya wakija kwa wingi tunacheka, kuna mwaka machungwa yanaoza chini ya mti na nzi wa matunda wamekula nusu.

Mimi mwaka wa kwanza niliuza machanga. Ilikuwa Januari, vitunda bado viko kama ndimu, mwanangu amepangiwa form one na sina hata ya sare, akaja dalali mmoja akaniangalia usoni akajua. Akatembea shambani mara moja, akahesabu kwa macho, akaniwekea laki 4 mkononi, na mimi nikazipokea kwa mikono miwili nikasema asante. Msimu ulipofika nilikaa barazani nikaangalia vijana wake wanapakia, wakatoa kenta mbili zimejaa mpaka juu. Nililia. Hela iliniuma ndio, ila kilichoniliza zaidi ni kwamba miti ni yangu, nimepalilia mimi na mgongo wangu, halafu mtoto akitaka chungwa moja inabidi nimuombe mtu. Aliyeniuzisha machanga ni ile Januari bila senti, na wewe ukija huku ukitegemea mti peke yake Januari itakukuta pia, hamna namna.

Kwa hiyo swali langu kwako ni hili, nani analeta hela ya kila siku ndani ya nyumba yako? Umeniandikia mwenyewe. Ni mkeo! Wewe tarehe 12 unakopa, yeye asubuhi anauza na jioni ana kitu. Huyo mwanamke hana kiburi, anajua kwamba kijijini kwa mama mkwe nani atanunua chapati saa kumi na mbili asubuhi wakati kila nyumba imechemsha muhogo wake. Wateja wake amewatafuta miaka, unataka awaache aende akakae kwa mkwe asubiri machungwa. Na mimi ningekataa.

Ndo maana ushauri wangu ni huu, usihamie kijijini, hamia Muheza mjini. Pale pana stendi, pana soko, kuna hospitali ya Teule, kodi haifiki ya Mbagala, na watu wanasafiri alfajiri wanataka chai na maandazi, mkeo atapata pa kuweka meza. Mama yako utamfikia kwa bodaboda hata mara tatu kwa wiki, shamba pia. Kilimo cha kwenye simu, cha kukaa Dar unatuma hela ya palizi na kutumiwa picha ya shamba la mtu mwingine, hapo kinaisha. Miaka miwili mitatu ikipita na mkeo akiona mwenyewe kijiji kinakaliwa, atasema yeye tujenge. Asiposema, mtabaki Muheza mjini na hakuna aliyekufa. Lakini mlete kwanza atembee, mwenyewe, bila wewe kumsemea, akae na wauza chai wa pale stendi siku mbili tatu awaulize wanauza ngapi kwa siku. Akirudi na hapana yake, hiyo hapana iheshimu.

Kuhusu mtoto wa la sita, usimhamishe katikati ya mwaka. Amalize la sita hapo hapo, uhamisho ufanyike likizo ya Desemba aanze la saba na wenzie wapya tangu Januari, maana usajili wa mtihani ukishafanyika kumhamisha ni kuhangaika na makaratasi.

Sasa shamba lenyewe. Wiki tatu! Mwanangu, shamba halina miguu. Anayekukimbiza hivyo ama ana shida ya hela, na mwenye shida utaongea naye apunguze, ama kuna kitu hataki ukione. Ardhi ya kijiji haiuzwi kwa kuandikiana kwenye daftari mbele ya mashahidi wawili mkanywa soda mkaachana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inataka halmashauri ya kijiji iidhinishe, na halmashauri sio mwenyekiti peke yake na muhuri wake mfukoni, ni kikao cha wajumbe, kisheria wanakuwa 15 mpaka 25, kiandikwe muhtasari na wewe upate nakala. Kuna vijiji vinadai asilimia ya bei, lipa ila chukua risiti ya kijiji. Baadae ndo unafuatilia hatimiliki ya kimila.

Muulize muuzaji amelipataje, kalirithi? Wenzie wako wapi? Mke wake ameridhia? Amwite asaini, na watoto wakubwa wawepo, maana huku mtu anauza shamba baba yake akiwa hai, baba akifa tu ndugu wanatoka Tanga, wanatoka Mombasa, na kila mmoja ana mwembe wake humo ndani. Kuna na madai ya zamani kabisa, ya watu waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya sabini, familia zinakumbuka mpaka leo bibi alizikwa wapi. Mama yako amekaa hapo maisha yake yote, anaijua historia ya kila mpaka kuliko mtendaji. Kaa naye jioni muulize lile shamba lilikuwa la nani kabla. Hiyo jioni moja ina thamani kuliko hizo wiki tatu.

Halafu nenda ukatembee mti kwa mti, na mtu wako mwenyewe anayejua michungwa, usiende na muuzaji peke yake. Tazama matawi ya juu kama yamekauka, tazama shina karibu na ardhi kama linatoa utomvu na ganda linabanduka. Michungwa 150 kwenye ekari nne ni michache, ekari moja tu inaweza kubeba kama 70, maana yake ama iliyobaki imekufa ama kuna eneo tupu. Kama ni eneo tupu afadhali, utaweka mahindi na muhogo upate cha kula mwaka huo huo. Kama miti inakufa basi milioni 9 ni nyingi mno.

Na zile mbili za kukopa kazini achana nazo. Unakopa mahali unapoondoka, watakukata kwenye stahiki zako za mwisho na utafika Muheza mikono mitupu. Muombe jirani akuuzie ekari mbili kwanza, milioni 4 na nusu, ibaki mbili na nusu ya kuishi. Akikataa kugawa, basi. Ningekuwa mimi hizo za kubaki ningezifikiria ng'ombe wa maziwa mmoja, japo hazitoshi kumnunua mzuri na kujenga banda kwa mpigo, kwa sababu huku Tanga tuna vyama vya wafugaji wa maziwa tangu miaka ya tisini na vituo vya kupokelea maziwa vipo, ng'ombe anakamuliwa Januari pia. Ila ng'ombe anataka majani asubuhi na jioni, hana Idd wala sikukuu, kama hujawahi kufuga anza kwa kumsaidia mtu mwenye ng'ombe mwezi mmoja uone kama unaweza.

Omba likizo yako ya mwaka uichukue Aprili, mvua ya masika ikiwa imekolea. Usije Julai. Julai kila mtu anapenda kijiji, machungwa tele na barabara kavu. Aprili utaona bodaboda inavyozama, utaona mama yako anavyotoka kwenda zahanati, utasikia mbu, utakula bada, ugali wa muhogo, na mboga ile ile siku nne mfululizo. Ukimaliza hizo wiki na bado moyo unataka, niandikie tena.

SWALI: Shangazi habari, mimi ni binti wa miaka 29, natengeneza matangazo kwa kompyuta, wateja wangu wote wako mtandaoni kwa hiyo Sinza nakaa tu na kulipa kodi. Nimependa Pangani. Dalali ananiuzia kiwanja kizuri hatua 30 tu kutoka baharini, milioni 3, nataka nijenge kijumba nihamie kabisa. Sijaolewa. Watu wa kule watanichukuliaje?
Msichana wa Sinza

JIBU: Salama binti yangu. Hicho kiwanja usinunue, na hapa sina haja ya kuzunguka. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, sasa hatua 30 ni kama mita 20 na kitu, utajenga na siku moja utaambiwa bomoa na dalali simu haipatikani. Hata sheria isingekuwepo, bahari ya Pangani inakula ardhi, waulize wazee wa pale wakuonyeshe ilipokuwa minazi walipokuwa watoto. Tangu ujenzi wa barabara ya lami ya kutoka Tanga kupita Pangani kwenda Saadani mpaka Bagamoyo uanze, madalali wamekuwa wengi na kila mtu ana kiwanja cha bahari mfukoni.

Maji ndo jambo ambalo wageni hawaulizi. Visima vya karibu na pwani vingi ni vya chumvi, na mto wenyewe siku hizi maji ya bahari yanapanda ndani kwa sababu maji ya mto yanayoshuka kutoka juu yamepungua. Onja maji kabla hujapenda mandhari. Onja ya kisima cha nyumba unayotaka, sio ya hotelini.

Kwa kazi yako panga chumba kwanza, miezi minne. Nenda na laini za mitandao miwili tofauti, tuma mafaili yako makubwa saa mbili usiku wakati wote wako mtandaoni, tuma na siku ya mvua, jaribu na siku umeme umekatika. Mteja wa mtandaoni hajui Pangani ni nini, anajua umechelewa. Umeme vijijini umeenea na kuunganishiwa bei iliyotangazwa ni 27,000, ila kuunganishiwa na kuwaka kila saa ni mambo mawili, weka hela ya betri kubwa kwenye bajeti kabla ya hela ya pazia.

Watu wa kule? Watakupokea vizuri kuliko unavyofikiri, ukiwatangulia. Siku ya kwanza nenda kajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa jirani wa kulia na wa kushoto, useme unatoka wapi na unafanya kazi gani, waambie kabisa kazi yangu ni ya kompyuta ndani, maana binti anayeshinda ndani mchana kutwa na hela anayo watu watajaza wenyewe nafasi ya maelezo. Salimia kila mtu, mkubwa mpe shikamoo hata ukiwa na haraka ya kuwahi pantoni. Nje vaa kanga. Pakitokea msiba nenda, hata kama marehemu humjui, kaa na wanawake wenzio umenye vitunguu. Msiba mmoja uliokaa mpaka mwisho utakufanya uwe mtoto wa pale, kuliko miezi sita ya kutabasamu barabarani. Na kwa ajili ya usiku chagua chumba kwenye nyumba ya familia, sio nyumba ya peke yako mwisho wa njia. Hilo nakuomba kama mama.

SWALI: Shikamoo Shangazi ingawa nadhani tunalingana. Nimestaafu, nina miaka 61, nakaa Tanga mjini, joto na magoti vinanitesa. Rafiki ananiambia nihamie Lushoto, hewa safi na malaria hamna. Unasemaje?
Mstaafu, Chumbageni

JIBU: Sikuitikii marahaba, tunalingana kweli, kwa hiyo niseme tu salama mwenzangu. Joto litakuacha, malaria kule juu ni kidogo kweli kuliko huku chini, na mboga utakula za kutosha, karoti, kabichi, peasi na plamu za msimu. Lakini umeniambia magoti. Lushoto ni mteremko. Kutoka barabarani mpaka nyumbani ni kushuka, kwenda msikitini au kanisani ni kupanda, na ardhi tambarare Wasambaa wameibana na wana haki, ni ndogo na wako wengi. Kiwanja utakachouziwa mgeni kwa bei nafuu mara nyingi ndicho kile ambacho mbuzi tu anakipanda vizuri. Baridi nayo magoti hayaipendi.

Na ile njia ya kutoka Mombo kupitia Soni, kilomita 30 na kitu za kona, mvua kubwa zikinyesha udongo huporomoka na njia hufungwa. Mtu mwenye miaka 61 anaweza kuhitaji hospitali ya Bombo, huku Tanga mjini, usiku, fikiria hilo na watoto wako kabla ya kufikiria hewa. Kama bado unatamani, tafuta nyumba ya kupanga Lushoto mjini kabisa, karibu na hospitali ya wilaya, usinunue chochote, na uende mwezi wa saba baridi ikiwa kali. Beba sweta mbili na blanketi lako. Tembea kila asubuhi mpaka sokoni na kurudi bila kupanda bodaboda, siku saba, halafu yasikilize hayo magoti.